Sadaka ya Maafa ni Amana: Namna ya Kuitoa Ikafika

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, atoaye riziki kwa kadiri aijuayo Yeye, na ambaye kwake tutahesabiwa juu ya mali: tuliipata wapi, na tuliitumia katika nini. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema hata Siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, mlio msikitini nanyi mnaotusikiliza majumbani, Buhare na Makoko, Nyasho na Bweri, na ng'ambo ya ghuba huko Kinesi. Nanyi wanafunzi wa madrasa na wa vyuo: tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri. Maneno yetu ya leo ni juu ya sadaka itolewayo kwa watu waliofikwa na maafa, na namna ya kuitoa ili ifike kwa mwenye haki, isiishie mkononi mwa mlaghai.

Sisi tuishio kando ya Ziwa Viktoria hatuna haja ya kuelezwa na mtu wa mbali maana ya maafa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa karibu kufika. Watu 228 walipoteza maisha na 41 wakaokolewa. Ukara si mbali nasi: wenzetu wa Bunda huvukia Kisorya kwenda Ukerewe, kama sisi tuvukavyo Mwigobero kwenda Kinesi. Huko magharibi ya ziwa, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera. Na tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 wakafariki.

Katika kila msiba wa namna hiyo watu wetu hufungua mikono. Mvuvi hutoa katika pato lake la usiku, mama muuza dagaa hutoa katika mtaji wake mdogo, na mwanafunzi hutoa nauli yake akatembea kwa miguu. Huu ni wema mkubwa, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu asiutoe nyoyoni mwetu. Lakini saa ile ile mioyo inapolainika, wapo watu wanaoamka kwa ajili ya kuivuna huruma hiyo. Kwa sababu hiyo yapasa tujue hukumu na adabu za jambo hili, kama tunavyojua hukumu za udhu kabla ya kusimama kuswali.

Tuanze na mfano wa Mtume wetu (s.a.w.). Amepokea Imamu Muslim kutoka kwa Jarir bin Abdillah kwamba walifika Madina watu wa kabila la Mudhar, wakiwa miguu mitupu na nguo zao duni. Uso wa Mtume ulibadilika alipoiona shida yao. Akaamuru iadhiniwe, akawaswalisha watu, kisha akawahutubia akiwahimiza watoe, hata kama ni kipande cha tende. Akatoka Answari mmoja na mfuko mzito ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, na watu wakafuatana nyuma yake, hata yakawapo mafungu mawili, la chakula na la nguo. Hapo uso wa Mtume ukang'aa kwa furaha.

Watazameni ndugu zangu mambo manne katika kisa hiki. Wenye shida walionekana na kujulikana. Aliyeita watu watoe alikuwa mtu anayejulikana na anayeaminiwa. Mali ilikusanywa hadharani, kila mtu akiiona. Na kilichotolewa kililingana na haja yenyewe, kwani wenye njaa na wasio na nguo waliletewa chakula na nguo. Hayo manne ndiyo nguzo za mchango ulio salama hata leo, iwapo tunatoa kwa mkono, kwa benki au kwa simu.

Huenda mtu akasema: kuulizauliza kabla ya kutoa ni ubakhili, tena ni kumvunjia heshima anayeomba. Jawabu lake lipo katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, iliyo pia katika Sahihi ya Muslim. Mtume (s.a.w.) alimfundisha kwamba kuomba kumehalalishwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni yule ambaye janga limeiangamiza mali yake, mpaka apate cha kumsimamisha tena. Mwingine ni aliyepatwa na ufukara, na juu ya huyu Mtume alitaja kwamba washuhudie watu watatu wenye busara katika jamaa zake kuwa kweli amefikwa na shida. Tazameni basi: dini iliyotuamuru kutoa ndiyo hiyo hiyo iliyotufundisha kutaka ushahidi wa watu wa mahali pale. Kuuliza ni katika ukamilifu wa sadaka. Na aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat yatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto.

Sasa tuyafafanue maswali matatu ambayo kila mtoaji anapaswa kuyauliza.

Swali la kwanza: ni nani anayekusanya? Ukisikia mwito wa kuchangia, usitazame uzuri wa maneno wala machozi yaliyomo katika picha. Picha ya mafuriko ya miaka iliyopita yaweza kutumwa leo kama habari mpya, na picha ya nchi nyingine yaweza kuitwa ya Tanzania. Tazama jina la anayeita, na umtafute kwa njia nyingine isiyokuwa ule ujumbe wenyewe. Katika nchi yetu mambo ya maafa yanasimamiwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu ngazi ya taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji au mtaa. Kipo pia Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1962. Na kwa Waislamu zipo ofisi za Bakwata za mkoa na wilaya, na kamati za misikiti inayojulikana. Basi ukiletewa namba ya kuchangia kwa jina la mojawapo ya hizi, nenda ofisini kwao, au muulize imamu wako au mwenyekiti wa mtaa wako: je, mwito huu ni wenu, na namba hii ni yenu? Swali hilo huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, nalo huokoa mali nyingi.

Wala tusidhani kwamba hatari ni ya wahuni wa mbali tu. Baada ya tetemeko la Kagera, mwezi huo huo wa Septemba 2016, Rais wa wakati ule, Dk. John Magufuli, alitengua uteuzi wa watendaji wawili wa serikali mkoani humo kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Sisi hatukukaa mimbarini kuhukumu watu, na tuhuma ina mahali pake pa kuamuliwa. Tunachukua funzo moja tu: jina peke yake halitoshi. Yatakiwa jina na namba vilingane, neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu, na vile vilivyotangazwa na wahusika wenyewe.

Swali la pili: mali inapita njia gani? Watu wengi sasa hutuma kwa simu ya mkononi, nayo ni neema, kwa maana mtu wa Buhare aweza kumsaidia mtu wa Katesh kabla ya jua kuzama. Lakini neema ina adabu zake. Kabla hujaweka namba yako ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Simama hapo ulisome. Ukiambiwa kwamba mchango ni wa taasisi fulani, kisha likatokea jina la mtu binafsi usiyemjua, rudi nyuma usitume. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema ni mtumishi wa kampuni ya simu au wa kamati ya maafa, kwani anayepokea sadaka hana haja ya kuingia katika mfuko wako. Akikujia mtu akakuambia kwamba amekutumia fedha za maafa kimakosa na anataka umrudishie, tazama kwanza salio lako, kisha uwapigie wenye mtandao wenyewe. Na ule ujumbe ambao Watanzania wote wanaujua, unaomwambia mtu atume pesa kwenye namba fulani kana kwamba walikwisha kuagana, huvaa nguo mpya kila msiba unapotokea. Namba iliyotuma ujumbe kama huo ipelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano kwa namba 15040, ili ifungwe na wengine wasalimike.

Anayetoa fedha taslimu naye apewe stakabadhi. Wapo wanaoona haya kuidai, wakisema kwamba sadaka bora ni ya siri. Kweli, aya ya 271 ya Sura ya Al-Baqara imeisifu sadaka ya siri inayowafikia mafakiri. Lakini siri hiyo ni ya mtoaji, asijionyeshe kwa watu. Hesabu ni wajibu wa mpokeaji. Aweza mtu kuandikiwa stakabadhi pasipo jina lake kutangazwa, na ikhlasi yake isipungue hata chembe.

Swali la tatu: mali inafikaje, na ni nani atakayetoa hesabu? Ulipotokea ukame mkubwa wa mwaka wa 18 Hijria, unaoitwa Mwaka wa Ramada, Sayyidna Umar (r.a.) aliwaandikia maliwali wake, na misafara ya chakula ikafika Madina. Wanahistoria wametaja kwamba hakutosheka kuona chakula kimepikwa. Aliamuru wahesabiwe wanaokuja kula, na wahesabiwe pia wagonjwa na watu wa majumbani wasioweza kuja, ili nao wapelekewe fungu lao. Huo ndio ukamilifu wa amana. Mara nyingi anayepata msaada ni mwenye nguvu ya kusukumana mbele ya lori, na mjane aliyevunjika mguu hubaki nyuma akisikia tu kelele za mgao. Mkusanyaji mwaminifu akiulizwa mali imekwenda wapi, hujibu kwa orodha na kwa idadi. Akijibu kwa hasira, hilo nalo ni jawabu.

Ndugu Waislamu, baada ya maswali hayo matatu, yatupasa kutazama kile tunachokitoa. Aya ya 267 ya Sura ya Al-Baqara yatukataza kuchagua kibovu tukakitoa, ilhali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Nguo iliyochanika, unga ulioingia wadudu na dagaa waliovunda si sadaka. Ni taka tuliyomhamishia mwenzetu, naye atatafuta nguvu za kuitupa. Dawa zina hatari zaidi. Lilipotokea tetemeko la Armenia mwaka 1988, zilipelekwa huko tani 5,000 za dawa na vifaa vya tiba, na watu 50 wakafanya kazi miezi 6 kuzitambua tu, kwani nyingine zilikuwa zimekwisha muda na nyingine hazikuhusu maradhi yaliyokuwako. Basi mwenye kutaka kutoa dawa aulize waganga wa hospitali kwanza. Na mara nyingi fedha ni bora kuliko vitu, kwa sababu hazihitaji lori wala ghala, na walio mahali pale hununua kile kinachotakiwa siku ile, tena kwa wauza duka wao waliopoteza biashara.

Mtoaji aseme pia anachokitoa ni kitu gani. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba, na mkusanyaji hana ruhusa ya kuitia katika shughuli nyingine. Aliyepoteza nyumba na mtaji wake huingia katika mafakiri na masikini, na aliyebaki na madeni huingia katika wenye madeni. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu, wamesisitiza zaka igawiwe mahali ilipo mali. Sadaka ya hiari haina mpaka huo. Yaweza kwenda Hanang au ng'ambo ya bahari, na yaweza kupewa asiye Mwislamu, kwa kuwa maji ya ziwa hayakuuliza dini ya abiria, na katika mkoa wetu wa Mara tunaishi ukuta kwa ukuta na watu wa dini nyingine. Kwa hiyo tamka wazi: hii ni zaka, hii ni sadaka, hii ni ya chakula, hii ni ya kujenga upya. Anayepokea naye aitangaze nia ya mchango mapema, ili pasitokee baadaye ugomvi kati ya matarajio ya watu na matumizi ya mali.

Sasa tugeukie nyumba yetu wenyewe, maana ni rahisi kuwahukumu walio mbali. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu mmoja, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi alisema: hiki ni chenu, na hiki nimepewa zawadi mimi. Mtume akapanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akiuliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi ile ingemfuata. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ikiwa mjumbe wa Mtume aliulizwa hesabu, basi nani katika maimamu, wajumbe wa kamati na walimu wa madrasa ambaye haifai kuulizwa?

Kwa ajili hiyo tunausia kila msikiti uwe na utaratibu. Ndoo ya mchango ifunguliwe mbele ya watu wasiopungua watatu, na fedha zihesabiwe hapo hapo kabla ya kutoka msikitini. Kiasi chake kiandikwe katika daftari na kitiwe sahihi, kisha kitangazwe kwa kipaza sauti. Gharama ya usafiri, kama ipo, itajwe kabla ya kukusanya, isikatwe kimyakimya baadaye. Fedha zikikabidhiwa, stakabadhi isomwe Ijumaa inayofuata na kubandikwa ubaoni. Mama zetu wa vikoba wametutangulia katika elimu hii. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja wao anayeona kwamba ametukanwa. Wanajua kuwa kufuli humlinda mwenye mali asiibiwe, na humlinda mwenye ufunguo asisingiziwe.

Kuna swali moja limebaki, nalo huwauma watu wengi. Nimetoa kwa nia njema, kisha nikabaini kwamba nilitapeliwa. Je, sadaka yangu imepotea? Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kisa cha mtu aliyetoa sadaka usiku tatu. Ya kwanza ikaangukia kwa mwizi, ya pili kwa mwanamke mzinifu, ya tatu kwa tajiri, na watu wakamsema. Akajulishwa kwamba huenda mwizi akaacha wizi, na mzinifu akaacha uzinzi, na tajiri akazingatia naye akatoa. Basi mwenye kufanya bidii yake akakosea asikate tamaa; malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu anayejua nia. Lakini kisa hiki kisiwe mto wa kulalia mzembe. Mtume huyo huyo (s.a.w.), kama alivyopokea Tirmidhi, alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake.

Na aliyetapeliwa asinyamaze kwa aibu. Atoe habari kwa polisi na kwa wenye mtandao, na awaonye majirani zake. Anayenyamaza humwachia mwizi aende nyumba ya pili. Tena mlaghai wa maafa huiba mara mbili. Huiba shilingi yako ya leo, na huiba imani yako ya kesho. Siku jahazi litakapozama au mto utakapofurika, utaukumbuka utapeli ule, mkono wako utakuwa mzito, na mtoto asiyejua lolote juu ya ulaghai huo atalala njaa kwenye turubai. Hasara hiyo ya pili ndiyo kubwa, na dawa yake haiwi kufunga mkono. Dawa yake ni kuufungua kwa ujuzi.

Basi, ndugu Waislamu, mrudipo majumbani leo zungumzeni na watu wenu. Baba na mama wawafundishe watoto kusoma jina la mpokeaji kabla ya kutuma. Vijana wawasaidie wazee wasioona vizuri maandishi ya simu, bila ya kuwaomba namba zao za siri. Wanafunzi waandike hayo maswali matatu katika madaftari yao: ni nani, kwa njia gani, na hesabu iko wapi. Na kila kamati ya msikiti iteue mapema watunza amana wake, sasa ambapo ziwa limetulia, kwa maana siku ya msiba watu huwa na machozi na haraka, na mambo ya amana hayapangwi katika haraka.

Ewe Mola wetu, wape subira na badala iliyo bora waliofikwa na maafa katika nchi yetu na kila mahali. Warehemu waliozama katika ziwa hili na waliofunikwa na matope. Zijaalie mali zetu ziwafikie wenye haki nazo, ututakasie nia zetu tunapotoa, na utupe uaminifu tunapopokea. Uwaongoze wanaokula amana za watu warudi kabla ya siku ambayo mali haitafaa kitu. Umswalie na umsalimie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake wote. Amin.